Kijana Asiyeruhusiwa Kukwama

Ndugu zangu, kila mwenye mtoto anayesifiwa na anisikilize. Haya yalitokea hapa kwetu Alabama, kwenye saluni ya Odell Pickens, ambako mimi nanyoa kwenye kiti cha pili.

Jumamosi hiyo ya Mei saluni ilikuwa imetulia. Harufu ya kambare wa kukaanga ilitufikia kutoka ng'ambo ya barabara, na wazee walikuwa wakibishana kuhusu besiboli. Mara Odell akaingia kwa kishindo.

"Zimeni redio! Rodell wangu kachaguliwa!"

Chuo kimoja kikubwa cha kaskazini huwachukua kila kiangazi wanafunzi weusi, na wengine ambao jamii zao zina watu wachache kwenye hisabati, wakafanye utafiti na maprofesa. Rodell, kijana mpole aliyependa namba tangu utotoni, alikuwa akisoma chuo kidogo hapa jirani. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Profesa. Kanisani alisimamishwa mbele apigiwe makofi, na baba yake alimwambia kila mteja kwamba hakuna hesabu iliyowahi kumshinda mwanawe. Maneno matamu hayo, na sumu ilikuwa humo humo.

Alipofika huko alipewa swali moja la kushughulikia kiangazi chote. Kila Ijumaa vijana walisimama ubaoni kueleza wamekwama wapi. Wenzake walisema bila haya. Rodell, kama alivyonisimulia baadaye, alisema, "Mimi naendelea vizuri," akaketi.

Siku moja akapiga simu. Odell akaiweka spika.

"Baba, uko peke yako?"

"Peke yangu wapi? Watu wako wote wapo! Haya jamani, msalimieni Profesa!"

"Profesaaa! Umewanyoosha huko?"

"Baba, kuna kitu hapa sikielewi."

"Wee! Mmemsikia? Anajifanya haelewi ili sisi tusione haya!" Saluni nzima ikacheka.

"Sawa, Baba," alisema Rodell. "Nilikuwa natania."

Mimi sikucheka. Sauti ile ilikuwa imepoa mno.

Mwezi wa Julai Rodell akashuka kwenye basi na begi lake, akasema mpango umeisha mapema. Hakulia wala hakukasirika. Alikula alichowekewa, akakaa alipokaa. Ukimuuliza vipi, anasema, "Niko sawa." Mama yake, Vernita, alimpikia kila anachokipenda, naye alikila kama mtu anayekula karatasi.

Agosti simu ya saluni ikalia, na Odell, kwa mazoea, akaiweka spika.

"Mzee Pickens? Mimi ni Daktari Tolliver, mwalimu wa Rodell. Poleni sana kwa msiba wa bibi yake. Tumekuwa tukimpigia, hapokei. Nafasi yake bado ipo, anaweza kumalizia kazi akiwa huko huko."

"Bibi yupi?" Odell aliuliza. Bibi zake Rodell wote wawili walizikwa yeye akiwa bado ananyonya. Akaelewa kwamba mwanawe alidanganya ili arudi, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Mwalimu, niambie kweli. Lile swali lilimshinda?"

"Mzee, limetushinda sote. Mimi mwenyewe nimehangaika nalo miaka. Hakuna anayejua jibu lake duniani. Ndiyo maana tulimpa."

Odell alikwenda nyumbani na aproni yake shingoni. Alimweleza mwanawe yote, akamwomba msamaha, akamsihi ampigie mwalimu. Rodell alimsikiliza kama anayepewa habari za mtu mwingine.

"Haina haja, Baba. Jumatatu naanza kazi kiwandani, kule wanakosindika kambare."

Chuo chake cha hapa jirani kilipofunguliwa hakwenda. Mpaka leo hajaenda.

FUNZO

Kumsifu mtoto si kosa. Kosa ni kumsifu mpaka akose mtu wa kumwambia "sijui". Watoto wetu wanaopelekwa mbali wanabeba mizigo ya kutosha. Tusiwaongezee na mzigo wa kulinda jina letu. Na akikuambia haelewi, usicheke, wala usimtetee kwamba anajifanya. Kaa chini, muulize: huelewi nini, mwanangu? Rodell angejibu. Hakuna aliyemuuliza.