Kurasa Nne za Wiebeling

Rafiki yangu Gesine, mpiga piano wa Leipzig, ana dharau ya kutosha mtaa mzima. Hata raba ya kufutia penseli hana. Anasema raba ni ya wanaokosea. Alasiri moja alishuka kwenye ghala la nota za muziki kuchukua utungo wa piano na okestra wa Ottokar Wiebeling, aliyekufa zamani bila kuliliwa na yeyote.

"Usiuchafue, dada," akamwambia Kuntze, mtunza ghala. "Nakala ni hiyo moja."

"Kauchafua mwenyewe alipoutunga."

Kuntze akapanda juu kunywa kahawa, mlango wa chuma ukilia nyuma yake. Gesine akakaa kwenye piano kuukuu ya humo ndani, akaupiga huku akisonya. Alipofika sehemu ya polepole, akachukua penseli akazikata kwa mistari kurasa nne nzima zisipigwe, kama wapigaji wafanyavyo mtunzi akiwachosha.

"Porojo tupu," akasema. "Ndiyo maana wamekusahau."

Taa za ghala lile hujizima zenyewe kila baada ya dakika chache. Zikazimika. Gizani akasikia karatasi ikisuguliwa taratibu, karibu kabisa na mkono wake. Akadhani ni panya. Kisha akasikia mtu akipuliza, puu, kama anayepeperusha vumbi mezani.

Akapapasa ukuta mpaka akaipata swichi. Mlango haukuwa umelia, na hapakuwa na mtu. Mistari yake ya penseli ilikuwa imefutika yote. Juu ya vibao vya piano zilitapakaa chembechembe za raba, na alipozigusa, zilikuwa bado na joto.