Nyuma ya Kiwambo cha Ndege

Kulikuwa na mtu akitafuna nyuma ya kiwambo.

Philippa Garraway alimsikia alipokuwa akiwaonyesha wanunuzi meza ya mahogani ya babu yake. Nyumba ilikuwa inauzwa na vyombo vyake vyote, na watu walikuwa wamejaa chumba cha kulia wakigonga mbao na kufungua droo. Kwenye kona kilisimama kiwambo kirefu cha ngozi, kimechorwa korongo wa dhahabu. Harufu ya kabeji ya kuchemsha ilitoka huko, na jikoni hakukuwashwa moto tangu asubuhi.

"Nani anakula kule?" aliuliza Bwana Pocock, mchuuzi wa vitu vya kale kutoka Bristol.

Philippa alihisi uso ukimwaka. Jibu lilimtoka mdomoni kabla hajafikiri, lile lile ambalo baba yake aliwapa wageni miaka yote.

"Mbwa tu."

Kutafuna kukakoma. Kisha nyuma ya kiwambo kikatoka kilio cha mbwa, kizito, cha koo la mtu mzee anayejitahidi kubweka vizuri kama alivyofunzwa, na kikarudiwa, na kurudiwa tena kwa utiifu, mpaka mama mmoja akaangusha mkoba wake na Bwana Pocock, aliyekuwa amekwenda kuchungulia, akarudi kinyumenyume, midomo imemkauka.

"Hakuna mbwa kule," alinong'ona. "Hakuna kitu kabisa."

Dilys Prosser, mpishi wa siku nyingi wa nyumba hiyo, alimshika bosi wake mkono. "Waambie, Bi Philippa. Mimi nilikuwa nampelekea sahani. Nimechoka kunyamaza."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Si mbele ya watu ndipo mlipomkana?"

Philippa alitazama chini. "Ni marehemu baba yangu mdogo, Ambrose," alisema. "Alizaliwa mdomo umepasuka. Tulimwonea haya. Wageni wakija, tulimlisha nyuma ya hicho kiwambo, na mimi nikicheka alipobweka." Akavuta kiti kilichokuwa kando yake. "Baba mdogo, njoo ukae. Nisamehe."

Kiti kikalia, kama kimekaliwa na mtu mzito. Wanunuzi wakatoka wakisukumana mlangoni. Philippa akabaki, akakaa karibu na baridi iliyotoka kwenye kiti kile, akalia.

Hakuna kilichouzwa. Tangu siku hiyo walimwandalia Ambrose mezani, na sahani yake ilirudi jikoni tupu.

Lakini asubuhi moja Dilys alikuta kiti kikubwa cha kichwani mwa meza, kiti cha marehemu baba yake Philippa, kimehama. Kilikuwa nyuma ya kiwambo, kimegeuzwa kikatazama ukuta, na hapo palisikika mwanamume akilia kwa kujizuia, kama anayeogopa wageni wasimsikie.

"Nikirudishe?" aliuliza Dilys.

Philippa alitwaa sahani na kumkabidhi.

"Hapana," alisema. "Mpelekee sahani yake huko huko."