Tarehe Yangu Siyo Zawadi

"Dada Marivic, samahani kwa usumbufu. Nibadilishe majina ya maharusi wote wawili, au ukoo wa bwana harusi unabaki uleule?"

Marivic alikuwa amesimama kwa fundi wake mjini Lipa, gauni limejaa pini kuanzia kifuani hadi kiunoni. Aliyepiga simu alikuwa katibu wa parokia.

"Ubadilishe majina gani, dada?"

"Si ya harusi yenu ya Novemba? Kaka Dencio alikuja jana na mama yake. Wamesema ninyi mmeahirisha, tarehe anaichukua mdogo wake, Ramil. Nikasema nikuulize na wewe kwanza."

"Usiguse kitu!"

"Haya, dada. Sijagusa."

Fundi akaanza kuchomoa pini bila kuambiwa. Alishaona uso wa mteja wake.

Jamani, kuna watu wana roho ngumu! Harusi ile aliipanga Marivic peke yake tangu mwaka jana. Ukumbi aliuwahi kabla mvua hazijaanza. Kwa wapishi alionja nyama mpaka tumbo likakataa. Wasimamizi wa ndoa aliwafuata nyumba kwa nyumba na kikapu cha matunda, maana kwao msimamizi haalikwi kwa meseji, atanuna mpaka kaburini. Dencio alipewa kazi moja tu, kwenda kupimwa shati la harusi. Hata hiyo hakwenda.

Akampigia.

"Mpenzi, nilikuwa nataka kukuambia jioni," Dencio akaanza, hata salamu hakuna.

"Kuniambia nini? Kwamba umegawa harusi yangu?"

"Siyo kugawa. Ni sukob, Marivic. Ramil naye anataka kuoa mwaka huu, Desemba anarudi kazini melini. Ndugu wawili hawaoi mwaka mmoja, ndoa moja lazima ipate mkosi. Na wewe unajua."

"Ninajua. Sasa kwa nini asingoje yeye?"

"Yeye hajaandaa kitu. Wewe umejipanga vizuri, mambo yako yote yako kwenye mstari. Hata mwakani utapanga tena, haikusumbui."

Marivic akahisi damu inampanda kichwani. Kumbe kosa lake ni kujipanga! Angekuwa mzembe, wangemwonea huruma.

"Uko wapi?"

"Kwa Mama, tunakula. Lakini usije ukiwa na has..."

Akakata.

Alimkuta mama mkwe mtarajiwa, Mama Pacita, kichwani mwa meza, anampakulia Ramil tambi za pansit kama mtoto wa chekechea. Pembeni ya Ramil alikaa mchumba wake, Jovelyn, tumbo limeanza kuonekana. Dencio akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Karibu, mwanangu, chakula ndiyo hiki," Mama Pacita akasema kwa sauti ya asali.

"Sikuja kula, Mama. Nimekuja kuuliza nani amewapa ruhusa ya kwenda kanisani na tarehe yangu."

"Punguza sauti, majirani wanasikia."

"Wasikie! Mlikwenda kimyakimya, mimi nikiwa natembeza vikapu kwa wasimamizi. Kanisa mmechukua. Na ukumbi je? Na mpishi?"

"Si vipo tayari? Viharibike?" Mama Pacita akashika kifua. "Mimi nawalinda wanangu. Nikiacha mkaoa wote mwaka huu, mmoja akipata balaa, utanizikia wewe?"

Jovelyn alikuwa ameweka uma chini, anawatazama kwa zamu.

"Ngoja kwanza. Mama, si uliniambia dada Marivic mwenyewe ndiye aliyetupa tarehe?"

"Kula wewe, mtoto tumboni ana njaa."

"Hapana, Mama. Na hii sukob inaingiaje? Mimi na Ramil si tulishafunga ndoa manispaa mwaka jana, kabla hajasafiri? Mwaka wetu si umepita?"

Ramil akainamia sahani. Dencio akabaki mdomo wazi.

"Mmeshaoana?"

"Ile ya kusaini karatasi siyo harusi!" Mama Pacita akaruka.

"Mama, ulikuwepo! Ulilia mpaka hakimu akakupa maji!" Jovelyn akasema, machozi yanamlenga. "Dada, naapa sikujua. Mimi siitaki tarehe ya mtu."

Marivic akacheka kicheko kikavu. Mkosi wenyewe hakuna! Mama alitaka tu kitinda mimba wake apande madhabahuni kwa fahari kabla ya kurudi baharini, na hakutaka kuhangaika. Akaona kuna ng'ombe wa kukamua, akamkamua.

"Marivic, haki ya Mungu mimi hilo sikulijua," Dencio akasema.

"La ndoa yao hukulijua, nakubali. La tarehe yangu nalo hukulijua?"

Dencio akaanza kukunja kitambaa cha meza.

"Nakuuliza, Dencio. Ulikwenda kanisani kwa miguu yako. Uliniona mchana uleule, ukala chakula nilichopika. Ulishindwaje kuniambia?"

"Nilihofia utakasirika."

"Na kunifanyia hukuhofia?"

Akavuta pumzi. Alimpenda yule mwanamume, hilo halikuwa na ubishi, na kwa sababu hiyo akampa mlango mmoja wa kutokea.

"Haya. Simu yako hiyo hapo mezani. Mpigie katibu sasa hivi, mbele ya mama yako. Mwambie Dencio na Marivic wanafunga ndoa Novemba, ulikosea. Basi. Sitalitaja tena maishani."

Dencio akachukua simu. Akatafuta namba. Kidole kikasimama hewani, kisha shingo ikageuka taratibu kuelekea kichwani mwa meza.

"Mama... nimpigie?"

Loo! Hata Ramil alifumba macho kwa aibu.

Marivic akavua pete, akaiweka kando ya sahani ya pansit. Hakutukana mtu. Akamshika Jovelyn bega, akatoka, huku nyuma Mama Pacita akiuliza kama angalau mpishi anaweza kubaki.

Alilia njia nzima, analia kwa hasira na kwa mapenzi. Alipofika kwao akanawa uso, akakaa kitini na kuanza kupiga simu. Parokia, ukumbi, mpishi, kwaya, wasimamizi mmoja baada ya mwingine. Kila aliyeuliza kulikoni alijibiwa hivyohivyo: harusi ina kila kitu, isipokuwa bwana harusi.

Katikati ya simu hizo ikaingia meseji ya Dencio.

"Mpenzi nisamehe. Nimeongea na Mama, amekubali. Anasema hata Novemba hiihii hana neno. Nikuoe?"

Marivic akaisoma mara mbili. Akajibu bila kufuta hata herufi moja.

"Muulize Mama kama mimi nimekubali."

Akaendelea na wasimamizi waliobaki.