Sura Isiyo Yake

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku alikwenda kujibanza kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake, fundi cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukupoa. Lakini akishika simu ya shangazi, weee, ungedhani hayumo! Alikuwa akiandika hadithi ya mlinzi anayeogopa mbwa.

Hadithi hiyo aliitoa mtandaoni sura moja moja, kwa akaunti aliyofunguliwa na shangazi. Msomaji akipenda sura, alimtumia mwandishi sarafu ya kidijitali, ndogo kuliko bei ya peremende, nayo ikaingia moja kwa moja kwenye simu.

Wiki ya mitihani ikamkaba. Wasomaji nao hawakumpa nafasi ya kupumua: "Mlinzi yuko wapi? Au mbwa kamla?" Chiriku akaona njia ya mkato. Alichukua sura ya mwandishi mwingine, akabadilisha majina, akaibandika kama yake. Sarafu zikamiminika kuliko siku zote, naye akachekelea meno yote nje.

Kesho yake alikuta ujumbe wa muuguzi mmoja, msomaji wake tangu sura ya kwanza. "Hii nimeshaisoma kwa mtu mwingine. Mimi nilidhani nakulipa wewe."

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ifute tu," binamu yake, aliyekuwa akichungulia simu, alimshauri. "Nani atajua?"

"Mimi najua," Chiriku alijibu. Akaenda kwa shangazi, akamweleza yote bila kuficha.

Shangazi alisimamisha cherehani. "Ala! Hata wewe?" "Hapa hakuna kampuni ya katikati ya kuililia. Aliyekutumia ni mtu, kaitoa sarafu mkononi mwake. Sasa nani wa kumrudishia?"

"Ni mimi, shangazi."

"Haya, kaa hapo uanze."

Akaanza. Alirudisha sarafu moja moja, akimwandikia kila msomaji: "Sura ile si yangu. Niliichukua kwa mwenzangu. Nisamehe." Wengine walimsamehe. Wengine walimsema mpaka machozi yakamlengalenga.

"Si uache tu, umeshajitahidi," binamu alisema.

"Siachi mpaka wa mwisho!"

Kisha akamwomba radhi mwenye sura, akaiondoa, na mahali pake akawaelekeza wasomaji wakaisome kwa mwenyewe na kumlipa yeye.

Mitihani ilipokwisha, aliandika sura yake, akaifuta, akaiandika upya. Humo mlinzi, huku magoti yakigongana, alimfungulia mbwa lango siku ya mvua kubwa. Aliituma asubuhi. Kutwa nzima, kimya. Jioni ikaingia sarafu moja, na maneno ya muuguzi: "Huyu sasa ndiye mlinzi wangu. Endelea, mwanangu."

Chiriku aliruka nusura aangushe meza ya kukatia nguo.

"Unaona?" shangazi alisema, akivua miwani. "Maneno yamejaa tele huko mtandaoni. Yule muuguzi anakulipa wewe kwa jasho lako. Kwa hiyo usiuze kazi ya mwenzio ukaiita yako. Na ukikosea, rekebisha mwenyewe, usingoje kusukumwa."

"Nimesikia, shangazi."

"Basi nisomee kwa sauti. Nataka kujua yule mbwa aliingia au hakuingia."