Flaneli ya Mwanangu kwenye Bunduki ya Bosi

Kaeni vizuri niwasimulie, maana kinyaa nilichokiona nyumbani kwangu hakijanitoka mpaka leo.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu barazani, amepakata kitako cha mbao cha bunduki ya bosi wake. Anakipaka sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao. Anakisugua polepole, kwa mahaba... mimi mwenyewe sijawahi kuguswa hivyo.

Halafu nikaona kitambaa alichoshika.

Cha bluu, chenye vibata vya njano.

Ilikuwa flaneli ya mwanetu. Mtoto wetu alifariki hata kukaa hajajua. Nilibaki na flaneli hiyo tu, nikaifungia kabatini bila kuifua kwa sababu ilikuwa na harufu yake.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kabatini. Nilitaka kitu laini."

"Umeikata?"

"Mke wangu, si kitambaa tu? Bosi anakuja asubuhi."

Jamani, nilikwenda kutapika. Kutapika kabisa, siwadanganyi. Nikiwa huko namsikia anapiga mluzi.

Niliporudi, flaneli ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa kiganja. Nikamnyang'anya.

Mjue kwamba yeye ndiye aliyekuwa dereva wa watoto wa bosi. Alijipendekeza kuirembesha hiyo bunduki ili apewe usimamizi wa madereva wote. Usiku huo alilala fofofo.

Asubuhi bosi akaja. Akapitisha kidole kwenye kitako, akakunja uso.

"Mbona kina manyoya?"

Flaneli hunyonyoka. Nyuzi za bluu zilikuwa zimekaukia humo humo kwenye sila, mbao nzima.

"Ni kitambaa tu, bosi. Nitapiga msasa nirudie."

"Kitambaa gani?"

Mume wangu akanikata jicho ninyamaze. Nikaenda ndani, nikakileta kile kipande, nikamwambia bosi kilikuwa cha nani.

Bosi alikiweka kitako chini. Akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena.

"Na wanangu wanapanda gari na wewe kila siku," alisema. "Naomba ufunguo."

"Bosi, huyu ana uchungu tu, anakuza mambo..."

"Ufunguo."

Akaupokea kwa ncha za vidole, akachukua kitako chake na kuondoka.

Mnajua mume wangu aliniambia nini, tulipobaki wawili?

"Umeniharibia kazi kwa ajili ya tambara."

Siku hiyo hiyo nilihama.

Ndugu zangu, mtu akianza kukupangia kipi cha kulilia na kipi ni kitambaa tu, usingoje mpaka afike kabatini.

Kile kipande ninacho bado. Lakini nikikinusa, mtoto simsikii tena. Nasikia sila.