Ukuta Ulionenepa

Asubuhi ile Dada Shuka alishindwa kupita kati ya kitanda na ukuta, akalaumu tumbo.

Tumbo lilistahili lawama. Siku hizi lilikuwa likitangulia mlangoni, yeye akilifuata nyuma kama mpambe. Akapita kiubavubavu, akachomeka shuka, akarudi kuchukua fagio. Fagio nalo likakwama. Na fagio halina mimba.

"Nyie mmehamisha kitanda?" aliuliza dirishani.

"Kitanda hicho miguu yake imechimbiwa, shemeji," mlinzi akajibu kutoka nje. "Labda umehama wewe."

Dada Shuka akacheka, kisha akalipima tena pengo lile kwa mpini wa fagio.

Ilikuwa kambi ya mapumziko katikati ya msitu: vijumba vya udongo, mapaa ya nyasi, taa za mafuta, saruji hakuna hata ya dawa. Wageni walitoka mbali wakalipa pesa za kutisha ili walale katika nyumba ambayo bibi yake Dada Shuka alihangaika maisha yake yote kuihama. Mwenye kambi walimwita Bwana Asili, kwa kuwa hata mbu alimfukuza kwa kumwomba radhi. Aliyezikandika kuta zote alikuwa mume wa Dada Shuka, Kiganja, fundi asiyetumia chuma: anakanyaga udongo kwa miguu, anaupaka kwa viganja, kisha anausugua taratibu mpaka ukuta unang'aa kama paja la mtoto aliyepakwa mafuta.

Kijumba hiki cha mwisho, cha maharusi, kiliishiwa udongo kikiwa nusu. Bwana Asili akaonyesha kichuguu kikubwa ng'ambo ya kijito. Udongo wa mchwa unashika, haupasuki; kila fundi anajua. Mlinzi akasema kile kina mwenyewe. "Mchwa watajenga kingine," Bwana Asili akamjibu, na Kiganja akakivunja.

Jambo moja Kiganja hakulijua. Mkewe alikuwa akiula ukuta ule.

Nesi alikuwa amemkataza udongo, naye akaitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia wajawazito wote, mdomo umejaa mate. Nyuma ya ubao wa kitanda, mahali pasipoonekana, alibandua kwa kucha kipande kidogo chenye harufu ya mvua ya kwanza, akakiyeyusha ulimini. Mimba zake mbili za mwanzo zilitoka hata hazijapewa jina la utani. Hii, tangu aanze kula ukuta, ilikuwa imeshika. Hakuthubutu kuacha.

Ila kila alipokuja asubuhi alikuta shimo lake limezibwa, limesuguliwa, linang'aa.

"Jana ulipita tena kule kwa maharusi?" alimuuliza mumewe wakila.

"Jana nilishinda jikoni natengeneza tanuri. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Maharusi wa kwanza waliondoka mchana kweupe, wamejifunga taulo. Bwana harusi alisema kwa sauti ya chini, akiona haya, kwamba kuna mtu anasugua ukuta kwa ndani. Bibi harusi alikuwa amenyoosha mikono mbele yake akipima upana wa kitu, na kila akipima anaisogeza karibu zaidi.

"Udongo unapumua," Bwana Asili akawaambia. "Ndiyo raha yake."

Adhuhuri, jua likiwa utosini na kambi yote imenyamaza kama iliyozibwa mdomo, Dada Shuka aliingia kukusanya shuka zao, na kabla hajafika kitandani akasikia viganja, taratibu, shwaa, shwaa, si nje wala si chumbani bali katikati ya unene wa ukuta, vikimfuata alikokwenda na kusimama aliposimama, na ile harufu ya mvua ikapanda huku nje majani yakikauka kwa joto, ikamjaa puani na kooni mpaka mate yakamtoka, kwa sababu hata katika hofu ile, na hili ndilo lililomtisha kuliko yote, alitamani kula. Akainama nyuma ya ubao, akaliona shimo lake likijifumba polepole kama jicho la mtu anayesinzia, na kutoka humo, kabla halijafunga, sauti ya mwenyeji mstaarabu ikamuuliza:

"Umeshiba, mwenzangu?"

Kiganja alimkuta kijitoni akisukutua.

"Mle ndani kuna mtu," Dada Shuka alimnong'oneza.

Kiganja akatazama nyuma, kisha akachuchumaa karibu naye. "Na mimi nimemsikia. Nilikaa kimya nikijua utanicheka."

Mganga alifika kwa pikipiki, mama mmoja mnene mwenye magoti mabovu, akiilalamikia barabara kuliko alivyowalalamikia majini. Akaweka sikio ukutani, akaguna, akapiga chafya.

"Hamkumfukuza," alisema. "Mlimvunjia nyumba, mkamkanyaga kwa miguu, mkamkandika humu. Sasa anajijengea upya, na nyie mko sebuleni kwake. Udongo wote urudi ulikotoka, leo leo, kwa mikono iliyouchukua. Atakayebaki na chembe, amebaki na mwenyewe."

Walibandua ukuta mpaka jua likaanza kushuka. Bwana Asili alibeba ndoo kama kibarua, suruali yake nyeupe ikigeuka kahawia. Mlinzi akaleta jiko alilofinyanga kwa masalio. Kiganja akasimama pale kichuguuni akachokoa kucha zake, moja moja, kama anayejiandaa kwenda kuposa.

Mganga akamgeukia Dada Shuka. "Na wewe, mwanangu?"

Wote wakamtazama, kisha kwa heshima wakatazama pembeni. Dada Shuka aliweka mkono tumboni. Kilichokwisha kuliwa kina njia moja tu ya kurudi, na njia hiyo mimba zake mbili zilishaipita.

"Mke wangu," Kiganja alinong'ona, "kama kuna kitu, sema. Hapa hakuna wa kukucheka."

"Mimi natandika vitanda tu," alisema. "Udongo wenu nimeugusia wapi?"

Mganga alimtazama kwa muda mrefu, na si usoni. Halafu akaomba asaidiwe kupanda pikipiki.

Kijumba kikatulia. Kikakandikwa upya kwa udongo wa bondeni, ukapasuka hapa na pale kama udongo wowote, na Kiganja hakuwahi kufurahia nyufa namna ile.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Nesi akaweka pembe yake ya kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akaihamisha. Akaihamisha tena.

"Wako wawili," alisema.

"Mapacha?" Kiganja akasimama, akakaa, akasimama tena. "Nesi, usinitanie, moyo wangu mdogo. Mke wangu, umesikia? Na kitanda chenyewe kimoja. Mimi nitalala juu ya dari."

Dada Shuka hakucheka. Alikuwa akimtazama nesi, ambaye naye hakucheka.

"Wa kwanza nampata vizuri," nesi alisema, akipunguza sauti. "Huyu mwingine, kila nikiweka sikio, ananyamaza, kisha anahama. Ngoja kidogo." Akainama tena, akazuia pumzi, akakaa hivyo mpaka Kiganja naye akanyamaza. "Sijui niseme nini, mama. Ni kama na yeye anatusikiliza."