Runinga ya Ngusa Yapanda Ukutani

Ngusa na mke wake Kabula wanaishi Pangani, Kibaha. Wana ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Asubuhi Ngusa anakamua, na Kabula anawapelekea wateja maziwa. Mama yake Ngusa, Bibi Yunis, anabaki nyumbani na mjukuu wake Zawadi. Bibi hapendi kukaa bure. Mikono yake inafuma vitambaa wakati wote. Zawadi naye ameanza kutembea hivi karibuni. Kila anachokiona lazima akishike.

Jumamosi moja Ngusa alirudi kutoka mjini kwa bodaboda. Alikuwa amekumbatia boksi kubwa kama mtu aliyembeba mgonjwa.

"Mama Zawadi! Mama! Njooni muone!" aliita kabla hajashuka.

Ndani ya boksi kulikuwa na runinga bapa, mpya, ya HD. Ilikuwa ya bei nafuu, lakini kwa familia ile lilikuwa jambo kubwa. Bibi Yunis alipiga vigelegele. Akaenda chumbani, akarudi na kitambaa chake kizuri kuliko vyote, cheupe chenye maua ya waridi. Akakitandika juu ya meza ndogo, kikaning'inia mbele mpaka karibu na sakafu.

"Mgeni wa heshima hakai mezani pakavu," alisema.

Ngusa aliiweka runinga juu ya kitambaa. Akachukua nyaya tatu za zamani, nyekundu, nyeupe na ya njano, akaunganisha king'amuzi. Picha ikatokea.

"Huyu mtangazaji mbona amevimba?" aliuliza Bibi Yunis. "Kwetu mtu akinenepa hivi kwa ghafla, anatafutiwa dawa."

Kabula alicheka mpaka akashika mbavu. Ngusa hakucheka. Kweli, watu wote walikuwa wafupi na wanene. Nyuso zao zilikuwa na ukungu.

"Kitwana ameniuzia TV feki," alisema. Kitwana ndiye mwenye duka.

"Mpigie fundi Mwanahalima kwanza," alisema Kabula. "Ni jirani yetu, na kazi hizo anazijua."

"Mwanahalima amekwenda kwao Msimbu kumwona mama yake. Jumatatu jioni mimi nairudisha dukani."

Lakini Jumatatu mchana lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Bibi Yunis alikuwa mkekani akichambua maharage. Runinga ilikuwa inaonyesha paka. Zawadi alimwona paka, akacheka, akamfuata. Hakumfikia. Basi akashika kitambaa kwa mikono miwili, akavuta.

Meza ikayumba. Runinga ikaanza kuinama mbele.

"Mayo wee! Mtoto!" Bibi alipiga kelele.

Kabula ndiyo kwanza anaingia na ndoo ya maziwa. Aliitupa ndoo, akaruka, akaikinga runinga kwa bega. Kwa mkono mwingine akamsukuma Zawadi nyuma. Maziwa yalimwagika sebule nzima. Zawadi alilia kwa hofu, lakini hakuwa ameumia.

Ngusa alikuja mbio kutoka bandani. Alimkuta mke wake bado ameikumbatia runinga. Akaipokea. Kisha akamtazama mama yake. Bibi Yunis alikuwa amekishika kile kitambaa, machozi yanamtoka.

"Kitambaa changu kingemuua mjukuu wangu," alisema.

"Mama, usijilaumu," alisema Kabula. "Hakuna aliyejua kati yetu."

Ngusa alimpigia simu Mwanahalima huko Msimbu, akamweleza.

"Mshukuruni Mungu, kaka," alisema Mwanahalima. "Sasa chomoa umeme. Ipeleke TV chumbani kwenu, isimamishe imeegemea ukuta, mfunge mlango. Msiilaze kifudifudi, kioo kitapasuka. Kesho narudi Kibaha, nitapita kwenu."

Kesho yake alasiri Mwanahalima alibisha hodi. Alikuwa na mfuko wa zana begani, na mkononi mfuko wa korosho kutoka kwao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzio nimekosa usingizi."

Mwanahalima alikaa mkekani karibu yake. "Bibi, hizi TV bapa ni nyepesi na miguu yake ni myembamba. Zamani zile TV zenye kisogo kikubwa zilikuwa nzito, lakini nazo ziliangukia watoto. Mtoto havuti kwa utundu. Anavuta kwa sababu anataka kujua."

"Basi tufanyeje?" aliuliza Ngusa. "Mimi nilitaka kuirudisha. Hata picha yake mbaya. Watu wananiambia TV za bei rahisi ndivyo zilivyo."

"Tuanze na usalama, halafu tutaiuliza TV yenyewe kuhusu picha."

Mwanahalima aligonga ukuta kwa kidole sehemu kadhaa. Ulikuwa wa tofali za saruji, imara. Akatoboa matundu kwa drili, akafunga chuma cha kushikilia runinga kwa skrubu ndefu. Akaning'inia kidogo kwenye kile chuma kukijaribu, na Bibi Yunis akashika kichwa. Kisha Ngusa akamsaidia kuinyanyua runinga na kuitundika.

"Nyaya nazo zisining'inie," alisema fundi, akizibana ukutani. "Na kwa asiye na ukuta imara, aiweke kwenye kabati pana na zito, aifunge kwa mkanda nyuma. Kitambaa chini yake hapana, na kitu kinachomvutia mtoto kisiwekwe juu yake."

Kisha akaangalia king'amuzi. "Boksi la TV liko wapi?"

Kabula alilileta. Chini kabisa, ndani ya karatasi, kulikuwa na waya mweusi wenye kichwa bapa.

"Huu ni waya wa HDMI," alisema Mwanahalima. "Zile nyaya tatu za zamani hazibebi picha ya HD. Ni kama kupitisha gunia kwenye tundu la sindano."

Ngusa alijikuna shingo. "Kitwana aliniambia habari za waya. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani."

Mwanahalima aliunganisha waya, akachukua rimoti, akarekebisha umbo la picha. Akapunguza na mwanga, kwa sababu ulikuwa mkali kama wa dukani.

"Tazameni."

Mtangazaji alikuwa amekonda. Nyusi zake zilionekana, na hata kishikizo cha shati.

"Amepona!" alisema Bibi Yunis, na nyumba nzima ikacheka.

"Bei nafuu siyo ubovu," alisema Mwanahalima. "Ila chaneli nyingine hazirushwi kwa HD, hizo hazitang'aa hivi. Msimlaumu Kitwana kwa hizo pia. Kufuta kioo, izimeni kwanza, mtumie kitambaa laini kikavu. Maji na sabuni hapana. Radi ikianza, au umeme ukichezacheza, chomoeni kabisa."

Ngusa alitoka nje, akampigia simu Kitwana. Walimsikia akisema, "Ndugu yangu, nilikusema vibaya mtaani. Nisamehe. TV yako ni nzima."

Jumapili majirani walikuja kutazama. Kilikuwa kipindi cha wafugaji. Zawadi alisimama chini ya runinga, akanyoosha mikono juu, hakufikia. Akaketi mapajani kwa bibi yake, akatulia. Kabula aliwatazama wawili wale, akavuta pumzi, akaendelea kumimina chai.

Kwenye kioo akaonekana ng'ombe, karibu kabisa. Ghafla Bibi Yunis akainuka.

"Kupe! Sikioni! Mnamwona?"

Wote walisogea. Kweli, kupe alikuwa pale, nyuma ya sikio, mnene kama punje ya harage.

"Picha ya namna hii!" alisema jirani mmoja.

Bibi Yunis hakuwa na habari na picha tena. Alimgeukia mwanawe.

"Ngusa, wewe umewakagua wako masikio?"

Ngusa aliangalia runinga, akaangalia mama yake. Kisha akavaa viatu vyake vya bandani, akatoka. Majirani wawili wenye ng'ombe wakamfuata.

Kabula akachukua rimoti.

"Sasa tunaweza kuangalia taarabu," alisema.